Nane ni nane, sasa dikoda ipi?

Meseji iliingia usiku. Picha ya ukurasa wa daftari, mwandiko umelalia upande, na chini yake sentensi moja: "Dada, hapa jibu la kitabu limekosewa, si ndio?"

Swali lenyewe ni lile ambalo kila aliyepitia saketi za dijitali ameshakutana nalo. Una chipu za memori za 16K×4 (maeneo 16K, kila eneo biti 4, na K ni 1,024), unataka memori ya 64K×8. Zinahitajika chipu ngapi, na dikoda (saketi inayosoma biti za anwani na kuamsha tokeo moja kati ya mengi) ya ukubwa gani?

Dogo alikuwa amepiga hesabu yake vizuri tu. Biti zote zinazotakiwa ni 65,536 mara 8, yaani 524,288. Biti za chipu moja ni 16,384 mara 4, yaani 65,536. Gawanya, unapata 8. Afu akaendelea mbele kwa mantiki ileile: chipu ziko nane, kila moja ina pini yake ya kuchaguliwa, kwa hiyo nahitaji dikoda ya matokeo nane, ya 3 kwa 8, yaani biti 3 zinaingia, matokeo 8 yanatoka. Kitabu kinasema 2 kwa 4.

Nikamjibu fasta: chipu zinakaa mbilimbili, kwa hiyo safu ni nne, ndo maana 2 kwa 4. Akajibu, "sawa dada."

Ile "sawa" ndo imenisumbua wiki hizi zote.

Manake naijua hiyo sawa. Ni sawa ya mtu aliyeamua kukariri. Akipewa swali lingine atagawanya kwa mbili, likitokea jibu sahihi anapata tiki na maisha yanaendelea, lisipotokea atadhani kuna fomula nyingine ambayo hajapewa. Na mi nilichompa hakikuwa maelezo, ilikuwa jibu la kitabu nimelirudia kwa maneno marefu zaidi.

## Alichojenga dogo sio takataka

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kukataa kusema "umekosea" na badala yake kuuliza: hivi tukimfuata, tukaweka kweli dikoda ya 3 kwa 8, tunapata nini?

Chipu ya 16K ina ndani yake maeneo 16,384, ambayo ni 2 kipeo cha 14, kwa hiyo inakula waya 14 za anwani. Dikoda ya 3 kwa 8 inakula waya nyingine 3. Jumla 17. Memori ya 64K ina waya 16 tu za anwani, A0 mpaka A15. Huo wa kumi na saba unatoka wapi?

Hapo ndo nilipokaa kimya kidogo, manake jibu lake ni tamu. Ukiwa na huo waya wa 17, saketi ya dogo inafanya kazi. Inafanya kazi bila tatizo lolote. Ila sio memori ya 64K×8, ni memori ya 128K×4. Maeneo 131,072, kila eneo biti 4. Zidisha: 524,288. Biti zilezile, chipu zilezile nane, hamna hata moja iliyoongezeka au kupungua.

Kwa hiyo dogo hakukosea dikoda. Alijenga memori nyingine.

Na ukilazimisha dikoda hiyo kwenye mashine ya baiti, yenye waya nane za data, kila ukisoma inaamka chipu moja tu, inatoa biti nne, na waya nne zilizobaki hamna anayezisemea. Prosesa itasoma chochote kilichokuwepo kwenye hizo waya muda ule.

Ndo maana siupendi ule mfano wa mtaa na nyumba ambao watu wanaupenda kuelezea anwani. Ukimwambia mwanafunzi kila chipu ni nyumba na dikoda ndo inachagua nyumba, utamfanya achague nyumba moja. Wakati hapa nyumba moja imekatwa vipande viwili, nusu iko chipu ya kushoto na nusu chipu ya kulia, na zote mbili lazima zifunguke kwa pamoja.

## Nane, nane na nane

Basi nikaanza kuchezea namba. Memori ileile ya 64K×8. Nitafute chipu za aina tofauti ambazo zote zina biti 65,536, ili kile kigawanyo kitoe nane kila mara, afu nione dikoda inasemaje.

Hata sikuhitaji kuzibuni, zote zimewahi kuuzwa. Kuna 4164, ambayo ni 64K×1. Kuna 4416, ambayo ni 16K×4. Kuna 6264, ambayo ni 8K×8. Mbili za kwanza ni DRAM, ya tatu ni SRAM, aina mbili za memori ya kusoma na kuandika, lakini kwa swali hili tofauti hiyo haitusumbui bado.

Za 64K×1: kila chipu inatoa biti moja, kwa hiyo nane zinakaa sambamba kutengeneza baiti. Zote zinapokea anwani nzima, zote zinaamka pamoja. Dikoda ya kuchagua chipu? Hamna. Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1982, ilikuwa hivi, RAM yake ya kilobaiti 64 ilikuwa chipu nane za 4164. Ile PLA yake, chipu ya mantiki, ilikuwa na kazi ya kuamua kama prosesa inaongea na RAM au ROM (memori ya kusoma tu) au vifaa vingine, sio kuamua ni chipu ipi kati ya zile nane.

Za 16K×4: safu nne za chipu mbilimbili, dikoda ya 2 kwa 4.

Za 8K×8: chipu moja inatosha baiti, kwa hiyo safu nane za chipu mojamoja, dikoda ya 3 kwa 8.

Na kama ungekuwa na ya 32K×2, safu mbili za chipu nne nne, dikoda ni geti moja tu ya NOT, ile inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0.

Hesabu moja, majibu manne. Ile fomula ya kugawanya biti kwa biti inatoa idadi sahihi ya chipu na wakati huohuo inafuta habari zote ambazo dikoda inazihitaji, manake ukishazidisha urefu (idadi ya maeneo) kwa upana (biti za kila eneo) umebaki na ukubwa wa jumla tu, umbo limeshapotea. Mi naona wanaoifundisha hivyo wanawafanyia wanafunzi ubaya, japo naelewa kwa nini wanafanya, ni mstari mmoja na inafanya kazi kwenye nusu ya kwanza ya swali.

Afadhali ugawanye mara mbili. Upana kwa upana: 8 kwa 4, safu moja ina chipu 2. Urefu kwa urefu: 64K kwa 16K, safu 4. Zidisha mwishoni kama unataka idadi ya kununua. Dikoda inaangalia hiyo namba ya pili peke yake. Ya kwanza haiihusu kabisa.

## Lakini kwa nini haiihusu

Hapo ningeweza kumtumia dogo meseji na kulala. Sema kulikuwa na kitu bado kinanikera. "Dikoda inaangalia idadi ya safu" nayo ni kanuni, nayo inaweza kukaririwa. Kwa nini safu?

Nikaandika anwani kwa mkono, za kwanza na za mwisho za kila safu, kwa heksa (namba za msingi wa 16):

0000 mpaka 3FFF
4000 mpaka 7FFF
8000 mpaka BFFF
C000 mpaka FFFF

Zigeuze ziwe sifuri na moja. Ndani ya safu ya kwanza, biti mbili za juu, A15 na A14, zinabaki 00 mwanzo mpaka mwisho, wakati zile 14 za chini zinapita kila mchanganyiko uliopo. Safu ya pili zinabaki 01. Ya tatu 10. Ya nne 11. Yaani ukiangalia hilo jedwali unaona wazi kuna mstari unaweza kuuchora kati ya A14 na A13: kulia kwake kila kitu kinatembea, kushoto kimetulia.

Nikatazama huo mstari muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kumbe hamna dikoda mbili hapa, ya nje na ya ndani. Iko moja.

Memori ya 64K, haijalishi imejengwa na nini, lazima ichukue biti 16 za anwani na kuamsha sehemu moja kati ya 65,536. Hiyo ndo dikoda nzima, ya 16 kwa 65,536. Kiwanda kilichotengeneza chipu kimeshafanya sehemu yake, ile chipu ya 16K ina dikoda ya biti 14 ndani ya silikoni. Zimebaki 2, hizo ndo zako wewe. Kwenye 8K kiwanda kimefanya 13, zako 3. Kwenye 64K kiwanda kimemaliza, zako sifuri. Jumla siku zote 16.

Kwa hiyo swali la "dikoda ya ukubwa gani" ni swali la hiyo dikoda kubwa imekatwa wapi na ukuta wa chipu. Na upana, zile biti 4 au 8 au 1, hauhusiki kwa sababu data haichagui chochote, inabebwa tu na yule aliyechaguliwa.

Na ukiingia ndani ya chipu unakuta nao wamekata vilevile, kwa sababu zao. Chukua maneno 1,024, yaani maeneo 1,024 ya memori. Dikoda moja ya 10 kwa 1,024 inataka geti 1,024 za AND (geti inayotoa 1 pale tu miguu yake yote ikiwa 1), kila moja na miguu 10 ya kuingilia. Kata biti kumi katikati, tano zichague safu na tano zichague nguzo, unabaki na dikoda mbili za 5 kwa 32, geti 64 zenye miguu mitano, na sehemu inaamka pale safu na nguzo zinapokutana. Kutoka 1,024 mpaka 64! Intel 1103 ya mwaka 1970, ile DRAM ya biti 1,024, ndani ilikuwa hivyohivyo, safu 32 kwa nguzo 32.

## Anayehesabu pini

Nilidhani nimemaliza, afu nikajishtukia. Dogo ana tabia ya kufungua karatasi ya data ya chipu na kuhesabu pini. Akifungua ya 4164 atakuta pini za anwani ziko 8 tu. Nane! Chipu yenye maeneo 65,536. Atasema 2 kipeo cha 8 ni 256, kwa hiyo chipu ina maeneo 256, kwa hiyo zangu za nje ni biti 8, dikoda ya 8 kwa 256, na atanitumia picha nyingine usiku.

DRAM zinapokea anwani kwa mikupuo miwili kwenye pini zilezile, kwanza nusu ya safu na ishara ya RAS, halafu nusu ya nguzo na ishara ya CAS. Ndo jinsi walivyoibana chipu ya 64K kwenye pini 16. Pini 8, biti 16. Wakati 6264 ya SRAM yenye maeneo machache zaidi ina pini 13 za anwani kwa sababu yenyewe inataka zote kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo usihesabu pini, hesabu maeneo. Jina la chipu likisema 16K×4, hiyo 16K ndo inakuambia biti 14, pini ziseme zinavyotaka.

Ile ya safu zisizofika kipeo cha 2 sina mengi ya kusema. 48K kwa chipu za 16K ni safu tatu, dikoda ya 2 kwa 4, tokeo moja linabaki halijaunganishwa. Hamna dikoda ya moja na nusu.

## Dikoda ambayo hukuiweka

Kilichonishinda kukiweka kwenye fomula yoyote ni hiki: swali la darasani linauliza dikoda gani *inahitajika*, kana kwamba hesabu ndo inaamua. Ukikaa na saketi yenyewe unakuta nusu ya uamuzi ni wa kwako.

Chukua 74LS138, dikoda ya 3 kwa 8 ambayo wengi tumeanza nayo. Mpe A13, A14 na A15, anakukatia kilobaiti 64 vipande nane vya 8K. Matokeo yake yanashuka chini pale yanapochaguliwa, na pini za kuchagua za chipu nyingi za memori zinataka hichohicho, kwa hiyo unaunganisha moja kwa moja. Sasa kwenye kipande kimoja weka chipu ndogo, 6116, ya 2K×8. Hiyo inakula waya 11. Chini umetumia A0 mpaka A10, juu dikoda imekula tatu, A11 na A12 hazijaenda popote.

Kwa mujibu wa mtihani umekosea, ulitakiwa uongeze dikoda nyingine ya 2 kwa 4. Kwa mujibu wa saketi, hamna kilichoharibika. Kila baiti ya hiyo chipu inaonekana kwenye anwani nne tofauti, kwa sababu zile biti mbili hamna anayeziangalia, na kama hutaki kuweka kitu kingine kwenye hicho kipande basi umeokoa chipu nzima. Mashine nyingi tu za 8-biti ziliuzwa zikiwa hivi.

Au chukua kesi ya RAM ya 32K, 62256, na ROM ya 32K. Safu mbili, biti moja ya juu, A15. Unaweza kuchomeka A15 moja kwa moja kwenye pini ya kuchagua ya moja na kuipitisha kwenye NOT kwenda nyingine. Ipi iende wapi? Hesabu haisemi. Prosesa ndo inasema. Prosesa ya Z80 ikiwashwa inaanza kusoma maelekezo kwenye 0000, kwa hiyo ROM lazima iwe chini. Prosesa ya 6502 ikiwashwa inaenda kuchukua anwani ya kuanzia kwenye FFFC na FFFD, na inataka RAM chini kabisa kwa ajili ya ukurasa sifuri (baiti 256 za kwanza) na staki (sehemu ya kuweka data ya muda), kwa hiyo pale ROM inakaa juu. NOT ni moja tu pande zote mbili, ila ukiihamisha upande usio wake mashine haiamki.

Haya hayako kwenye swali la dogo. Nilijiuliza kama nimwambie au nimwache kwanza afaulu. Nikaamua nimwambie.

## Nani kasema lazima ziwe biti za juu

Jana yake nilikuwa nimemwandikia maelezo marefu, na sentensi moja ikasema "biti za juu zinaenda kwenye dikoda, za chini zinaenda kwenye chipu." Nikaisoma tena. Za juu kwa amri ya nani?

Rudi kwenye 64K×8 na chipu za 16K×4. Nahitaji biti mbili za kuchagua safu na 14 za kuingia ndani. Hesabu haikusema mbili zipi. Nikizipeleka A0 na A1 kwenye dikoda na A2 mpaka A15 kwenye chipu, kila anwani bado ina baiti yake moja na kila baiti ina anwani yake moja. Chipu 8, dikoda 2 kwa 4, jibu la mtihani halibadiliki hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba anwani nne zinazofuatana sasa ziko kwenye safu nne tofauti.

Hiyo sio kuchezea waya. Cray-1, kompyuta kubwa ya kasi ya miaka ya 1970, iliishi kwa hiyo mbinu. Ile yenye maneno 1,048,576 ilikuwa na neno la biti 72, yaani 64 za data na 8 za kukagua makosa, na chipu za 1,024×1. Tupige hesabu yetu ya kawaida: upana, chipu 72. Urefu, 1,048,576 kwa 1,024, safu 1,024. Chipu 73,728. Anwani ni biti 20, kumi ziko ndani ya chipu, kumi ni za nje.

Lakini zile kumi za nje hazikutoka sehemu moja. Nne za chini kabisa zilichagua benki (kundi la chipu linalofanya kazi peke yake), moja kati ya 16. Sita zilizobaki zilichagua safu ndani ya benki, moja kati ya 64.

Sababu yake ni muda. Benki ikishaguswa ilikuwa inabaki bize nanosekunde 50, na mpigo wa mashine ulikuwa nanosekunde 12.5, kwa hiyo mipigo minne. Biti za benki zikiwa za chini, neno linalofuata liko benki inayofuata ambayo imepumzika, na linalofuata hilo liko benki nyingine, ukirudi kwenye ile ya kwanza imeshamaliza zamani. Unapata neno kila mpigo. Zikiwa za juu, maneno yote yanayofuatana yako benki moja na unasubiri mipigo minne kwa kila neno, kwa chipu zilezile 73,728.

Na mbinu hiyo ilikuwa na upande wake mbaya. Programu ikiruka maneno 16 kwa 16, kwa mfano ikipita kwa upande kwenye jedwali la Fortran (lugha ya programu inayopanga data nguzo kwa nguzo) lenye safu 16, kila neno linaangukia benki ileile na kasi yote imeisha. Ikiruka nane nane inapokezana benki mbili tu, napo inasubiri. Dawa yake inachekesha kidogo: jedwali la safu 16 unalitangaza kuwa na safu 17, hiyo ya mwisho huiwekei kitu.